Siri ya Mgonjwa: Wanaume Wanaopenda Wanaume na Huduma za Afya katika Butembo na Beni

Swali la namna ya kuwasaidia wanaume walio wachache kwa mwelekeo wao wa kimapenzi, yaani wale wanaovutwa na wanaume wenzao, ili wastahimili ubaguzi na wafikie matibabu, limeandikiwa zaidi katika miji ya Marekani na ya Afrika Kusini kuliko katika vilima vya Lubero, na kwa sababu hiyo majibu yake mengi hufika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yakiwa yamekwisha kushonwa kwa kipimo cha mwili mwingine. Katika Butembo na Beni, pamoja na kanda za afya za vijijini kama Masereka, hali ina sura yake: hakuna sheria inayomtia mtu jela kwa sababu ya kumpenda mwanamume mwenzake, sehemu kubwa ya hospitali na vituo iko mikononi mwa makanisa, vita vimedumu kwa umri wa kizazi kizima, na kati ya 2018 na 2020 wakazi walipitia mlipuko wa Ebola uliowafundisha wao na waganga wao mambo ambayo vitabu vya UKIMWI havikuyatazamia. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika mazingira hayo kinachomtenga mwanamume huyo na dawa yake, kuliko kitu kingine chochote, ni hofu kwamba siri yake haitatunzwa, na kwamba msaada wa kustahimili dharau hauna maana ukitenganishwa na kazi ya kuilinda siri hiyo.

Maneno yenyewe ni sehemu ya tatizo. Kiswahili kinachozungumzwa Butembo, sawa na Kifaransa cha mitaani, kina maneno mengi ya kumtukana mwanamume huyu na karibu hakina hata moja la kumtaja kwa utulivu. Neno shoga, ambalo katika pwani ni jina la urafiki baina ya wanawake, huwa tusi linapoelekezwa kwa mwanamume, na pédé la Kifaransa limeingia mitaani likiwa na ukali uleule. Watumishi wa afya hutumia herufi HSH, kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya wanaume wanaofanya ngono na wanaume, kilichobuniwa ili tendo litajwe bila kumhukumu mtendaji na bila kudai kwamba mtendaji huyo anajiita kwa jina lolote. Kifupi hicho kinafaa kwa kuwa wengi wa wanaohusika wana wake na watoto, husali Jumapili na familia zao, na hawajioni kuwa kundi. Hata hivyo kikiandikwa kwenye daftari la kituo, mbele ya jina la mtu na jina la mtaa wake, kinaacha kuwa istilahi ya kitaalamu na kuwa alama inayoweza kusomwa na yeyote anayelifungua daftari hilo.

Kuhusu sheria, msimamo wa Kongo hutajwa mara nyingi kwa makosa, hata na Wakongo wenyewe. Kanuni ya Adhabu ya nchi haina kifungu kinachokataza ngono kati ya watu wazima wa jinsia moja walioridhiana. Kinachotumika kuwatisha ni kifungu cha 176, kinachohusu kuvunja heshima ya maadili hadharani, ambacho maneno yake ni mapana kiasi cha kumpa askari mwenye njaa nafasi ya kukitafsiri apendavyo. Katiba ya 2006, katika ibara ya 40, inaruhusu ndoa kati ya watu wa jinsia tofauti pekee, lakini katiba hiyohiyo inawaweka wananchi wote sawa mbele ya sheria katika ibara ya 12, inalinda faragha ya kila mtu katika ibara ya 31, na inahakikisha haki ya afya katika ibara ya 47, bila kuuliza mtu anampenda nani. Desemba 2013 mbunge Steve Mbikayi alipeleka bungeni mswada wa kuufanya ushoga kuwa kosa la jinai, na mswada huo haukupita. Zaidi ya hayo, Kongo ni mwanachama wa Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Tume yake ilipitisha mwaka 2014 azimio nambari 275 linalozitaka serikali kuzuia ukatili dhidi ya watu kwa sababu ya mwelekeo wao wa kimapenzi.

Kuna kifungu kingine ambacho ni nadra kutajwa katika mjadala huu ingawa kina uzito kuliko vyote kwa mgonjwa: cha 73 cha Kanuni ya Adhabu, kinachompa adhabu mtu yeyote aliyekabidhiwa siri kwa sababu ya kazi yake kisha akaitoa. Daktari, muuguzi, mkunga, mfamasia na karani wa mapokezi wote wanaingia humo. Kwa maneno mengine, mwanamume anayemweleza muuguzi wa Butembo kwamba amelala na mwanamume hajatenda kosa lolote mbele ya sheria ya Kongo, ilhali muuguzi anayetoka chumbani na kumnong'oneza mwenzake habari hiyo ametenda kosa lenye adhabu. Mitaani watu huamini kinyume cha hayo, na imani hiyo ina nguvu kuliko maandishi, hasa tangu tarehe 6 Mei 2021, serikali ilipoiweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya hali ya dharura ya kijeshi, ambapo mamlaka ya kiraia yalikabidhiwa maofisa wa jeshi na polisi na kesi za jinai za raia zikapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Mtu anayelazimika kupita kizuizi cha barabarani akiwa na simu yenye picha na ujumbe wake haogopi kifungu cha sheria. Anaogopa aliyesimama kizuizini.

Hofu hiyo inalishwa pia kutoka ng'ambo ya mpaka. Wanande, watu wa eneo hili, ambao pia hujiita Wayira, wana ndugu zao Wakonzo upande wa Uganda, na barabara ya Kasindi na Mpondwe hupitisha kila siku wafanyabiashara, wanafunzi, nyimbo na habari. Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitia saini sheria inayotoa kifungo cha maisha kwa ngono ya jinsia moja na hata adhabu ya kifo kwa makosa inayoyaita mazito. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, lakini ilivifuta vifungu kadhaa, kikiwemo kile kilichomlazimisha kila mtu, mganga akiwamo, kuwashtaki wanaoshukiwa, kwa kuwa majaji waliona kinagongana na haki ya afya na ya faragha. Inafaa kuzingatiwa kwamba hata mahakama iliyokubali adhabu kali namna hiyo ilisita ilipofika kwenye mlango wa daktari. Tanzania ilipita njia nyingine: Februari 2017 wizara ya afya ilivifungia vituo 40 vilivyokuwa vikitoa huduma za VVU kwa makundi hayo, hatua iliyowapoteza wagonjwa waliokwisha kuandikishwa. Kwa Mnande anayesikiliza redio za pande zote, tofauti kati ya sheria za nchi tatu hupotea na kinachobaki ni picha moja ya kutisha.

Ukubwa wa madhara ya kiafya unajulikana kwa kiasi. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2013 na 2014 ulikadiria kwamba asilimia 1.2 ya Wakongo wazima waliishi na VVU, wakati makadirio yanayotumiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume nchini humo yanafikia takriban asilimia 7. Wasomaji wengi huiona tofauti hiyo na kudhani kwamba inatokana na tabia. Marekani nako watu walidhani vivyo hivyo juu ya wanaume Weusi wanaopenda wanaume, ambao mwaka 2016 idara ya serikali ya kudhibiti magonjwa ilikadiria kwamba mmoja kati ya kila wawili wao angepata VVU maishani mwake endapo mwenendo usingebadilika. Uchambuzi wa Gregorio Millett na wenzake, uliochapishwa 2012 baada ya kukusanya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba wanaume hao hawakuwa wakijihatarisha zaidi ya wengine, na kwamba kilichowatofautisha kilikuwa umaskini, ukosefu wa bima, kuchelewa kupimwa na kuchelewa kupata dawa. Ugonjwa uliwafuata mahali ambapo tiba haikuwafuata.

Kuchelewa huko kunatokeaje Butembo? Hakuhitaji mtu kufukuzwa. Mgonjwa anafika kituoni na kukuta meza ya mapokezi imewekwa kwenye ukumbi uleule wanaosubiri watu wengine, ambao baadhi yao ni wateja wake sokoni au waumini wa parokia yake. Anatakiwa aeleze shida yake kwa sauti ili apangiwe ada. Mara nyingi amesindikizwa na ndugu, kwa sababu ni ndugu anayelipa. Akifika kwa muuguzi, mwongozo wa magonjwa ya ngono unaofuata dalili unamuuliza kama anatokwa na usaha kwenye uume, na sehemu ya haja kubwa haitajwi, hivyo kisonono cha njia hiyo hutibiwa kama amiba au bawasiri, mgonjwa akarudi nyumbani na ugonjwa wake pamoja na dawa isiyohusika. Akipewa karatasi ya kumwita mwenzi wake aje atibiwe, anamleta mke, naye mke anatibiwa. Mwanamume wa pili, ambaye huenda ndiye chanzo au ndiye aliyeambukizwa, hajulikani na mtu. Hakuna aliyemtukana mgonjwa huyu. Alihudumiwa kwa adabu na utaratibu, ila utaratibu wenyewe haukumwazia.

Hapo ndipo saikolojia inapokutana na tiba. Mwanasaikolojia Ilan Meyer alieleza mwaka 2003 kile kinachoweza kuitwa mfadhaiko wa walio wachache, yaani mzigo wa ziada anaoubeba mtu wa kundi linalodharauliwa, ambao una sehemu tatu zinazofuatana kutoka nje kwenda ndani: maudhi yenyewe, kuyatarajia maudhi kila wakati hata yasipotokea, na hatimaye kuyaamini, mtu akajiona kweli ni uchafu. Sehemu ya pili ndiyo inayomfungia mwanamume wa Butembo nje ya kituo, kwa sababu yule aliyejifunza kutarajia fedheha haendi kuithibitisha. Anasubiri hadi maumivu yashinde aibu, na katikati ya kungoja huko kasiksi, yaani pombe ya ndizi, na pombe kali hufanya kazi ambayo mshauri angeifanya. Unyanyapaa, yaani ile hali ya jamii kumbandika mtu alama inayomshusha hadhi, una uwezo wa kuua bila mnyanyapaaji kunyanyua mkono.

Miongoni mwa mipango iliyotengenezwa kwa makusudi ya kupunguza mzigo huo upo ule wa Los Angeles unaoitwa Still Climbin', ulioandaliwa na watafiti pamoja na shirika la afya la APLA kwa ajili ya wanaume Weusi walio wachache kimapenzi. Washiriki hukutana katika vikundi vidogo vinavyoongozwa na watu wa jamii yao, na kutumia mbinu za tiba ya fikra na mwenendo, yaani tiba inayomfundisha mtu kuyachunguza mawazo yanayomjia baada ya tukio na kuchagua jibu badala ya kuburutwa na jibu la kwanza. Huulizana ni lini inafaa kumjibu mbaguzi, lini kuondoka, lini kutafuta shahidi au wakili, na jinsi ya kumwacha mbaguzi na kosa lake bila kulihamishia moyoni. Mpango huo haujifanyi kana kwamba ubaguzi ni wa kuwaziwa tu. Nchini Marekani kutoiamini hospitali kuna historia, ambayo sehemu yake ni Tuskegee, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 maofisa wa afya wa serikali waliwafuatilia wanaume Weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana.

Kuihamisha mbinu hiyo hadi Kivu Kaskazini kunahitaji uangalifu, kwa maana uhusiano wa rangi na dharau umegeuzwa. Mwanamume wa Los Angeles hudharauliwa na Wazungu kwa Weusi wake na hudharauliwa na baadhi ya Weusi wenzake kwa mapenzi yake, lakini hakuna anayemnyang'anya Weusi wenyewe. Wa Butembo huambiwa kwamba kwa kupenda anavyopenda ameacha kuwa Mnande, ameacha kuwa Mwafrika, amenunuliwa na Wazungu; na kila mara msaada unapomfikia ukiwa na nembo ya shirika la kigeni ubavuni mwa gari, shutuma hiyo hupata ushahidi. Ndoa na watoto ndiyo ngazi ya kupanda heshima, mtaji wa biashara na shamba hupitia kwa baba na wajomba, na kwa hiyo kijana aliyetengwa na ukoo hapotezi upendo pekee, hupoteza riziki. Vitabu vya ng'ambo humshauri atafute jamii nyingine inayomkubali, mji mkubwa, mtaa wa wenzake. Goma uliwahi kuwa mji wa namna hiyo kwa wengine, hadi ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Bukavu, ambako shirika la Rainbow Sunrise Mapambazuko limefanya kazi ya utetezi kwa miaka, ulifuata Februari. Na Kampala kuna sheria iliyokwisha kutajwa. Kustahimili, kwa mwanamume wa Butembo, lazima kuwe kustahimili akiwa palepale, na anayetaka kumsaidia aanze kwa kulikubali hilo.

Ushauri unaomfaa basi ni tofauti. Badala ya kumhimiza ajitangaze, unamsaidia kupima ni nani wa kuambiwa na ni nini cha kuambiwa: pengine dada mmoja, pengine rafiki wa utotoni, pengine hakuna. Unamfundisha kwamba kunyamaza mbele ya ukoo si sawa na kumdanganya muuguzi, kwa kuwa muuguzi anahitaji ukweli wa mwili na sheria inamfunga mdomo. Katika Mtwapa, pwani ya Kenya, ambako utafiti uliochapishwa 2007 ulikuta asilimia 43 ya wanaume waliokuwa na wapenzi wa kiume pekee wakiishi na VVU, mpango uitwao Shikamana ulijaribiwa kwa wanaume 60 waliokuwa wakiishi na VVU, ili kuwasaidia kutumia dawa za kufubaza virusi: kila aliyechaguliwa alipewa mwenzake wa kumwunga mkono pamoja na mashauriano mafupi na mtumishi wa afya juu ya hatua moja inayofuata, bila mahubiri. Jina lenyewe lilikuwa la Kiswahili na waliounga mkono walikuwa watu wa hapohapo. Mwelimishaji rika wa aina hiyo, yaani mtu wa kundi lilelile aliyefunzwa kuwaelekeza wenzake, anaweza kutembea Butembo bila gari lenye nembo.

Hata hivyo hakuna mwelimishaji rika anayetosha ikiwa mwishoni mwa safari anamkabidhi mwenzake kwa kituo kilekile kisichomwazia, na jambo la kutia moyo kuhusu Butembo na Beni ni kwamba watumishi wake wa afya wamewahi kufanya kazi inayofanana sana na hii. Mlipuko wa kumi wa Ebola nchini ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukiwa umeanzia Mangina karibu na Beni, na ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Sehemu ya kwanza ya habari hiyo inakumbukwa na wote: watu walioona askari wakiwasindikiza wauguzi, uchaguzi wao ukiahirishwa kwa kisingizio cha ugonjwa, fedha nyingi zikimiminika kwa ugonjwa mmoja wakati mauaji yaliyoanza Beni mwaka 2014 yakiendelea, walikataa kuamini. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa katika wiki moja, na tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa hospitalini Butembo. Huduma iliyokuja bila imani ya watu ilikimbiwa, na wagonjwa walijificha majumbani hadi kufa, wakiwaambukiza wauguzi wao wa nyumbani.

Sehemu ya pili haikumbukwi sana. Virusi vya Ebola hubaki katika shahawa za mwanamume aliyepona kwa miezi mingi, na kwa wengine hupita mwaka, hivyo kliniki za kuwafuatilia waliopona ziliwaomba wanaume watoe sampuli ya shahawa kila mwezi hadi vipimo viwili mfululizo vionyeshe kwamba ni safi, zikawapa kondomu na kuzungumza nao juu ya ngono yao. Tafakari ukubwa wa jambo hilo katika mji wa kihafidhina kama Butembo: muuguzi Mnande, pengine mwana wa kanisa lilelile, akikaa faraghani na baba wa watoto saba na kumwuliza mara kwa mara, kwa lugha ya staha, analala na nani na anatumia nini. Wanaume waliopona walikwisha kubandikwa alama na majirani, na waliorudi kliniki pengine walifanya hivyo kwa sababu waliona kwamba kinachosemwa mle ndani hakitoki. Mlipuko mwingine ulipozuka Butembo Februari 2021, mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mke wa mtu aliyepona, na mlipuko huo ulizimwa kabla ya kupita wagonjwa 12, jambo linaloonyesha thamani ya kuwajua watu na kuaminiwa nao. Ujuzi wa kuongea na mwanamume juu ya shahawa zake bila kumwaibisha upo tayari mjini humo. Haukuletwa na semina ya haki za binadamu, ulizaliwa na lazima. Ni vigumu kuona sababu ya ujuzi huo kumfaa aliyepona Ebola usimfae mwanamume mwenye mpenzi wa kiume.

Wapo pia wengine ambao mlango huo ukifunguliwa watapita, nao ni wanaume waliobakwa. Uchunguzi uliofanywa katika Kivu zote mbili na Ituri na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta asilimia 39.7 ya wanawake na asilimia 23.6 ya wanaume wakisema wamepitia ukatili wa kingono. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 iliirekebisha Kanuni ya Adhabu ili ubakaji uweze kutambuliwa hata aliyetendewa akiwa mwanamume, lakini mwanamume aliyejeruhiwa njia ya haja kubwa na wenye silaha anajua kwamba akifika kituoni huenda akadhaniwa kuwa HSH, na dhana hiyo inamwogopesha kuliko jeraha. Dawa za kinga baada ya tukio, zinazoweza kuzuia VVU visishike mwilini, hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72. Mtu anayetoka katika vilima vya Masereka, akatafuta nauli, akangoja barabara iwe salama, hana saa za kupoteza kwa kujiuliza muuguzi atamfikiria nini. Chuki dhidi ya wanaume wanaopenda wanaume, kwa hiyo, inawanyima tiba hata wanaume ambao hawakuwahi kumpenda mwanamume.

Makanisa hayawezi kuwekwa kando, kwa kuwa ndiyo yanayoajiri. Hospitali ya Matanda mjini Butembo ni ya Wakatoliki, ile ya Katwa iko chini ya Wabaptisti wa CBCA, na dispensari nyingi za vijijini zilijengwa na misheni. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, alitangaza kwamba Kanisa barani halitabariki wapenzi wa jinsia moja kama waraka wa Vatikani wa Desemba 2023 ulivyoruhusu. Kilichosahauliwa ni kwamba tangazo hilohilo lilisisitiza watu hao watendewe kwa heshima na staha, sawa na katekisimu inavyokataza kuwabagua isivyo haki. Muuguzi wa hospitali ya kanisa haombwi abariki chochote. Anaombwa atibu na anyamaze, mambo mawili ambayo imani yake inayaamuru tayari. Huko pwani ya Kenya, watumishi wa afya 74 kutoka vituo 49 walipopewa mafunzo ya siku mbili, chuki yao ilipungua na ujuzi ukaongezeka, hasa kwa waliokuwa na chuki kubwa zaidi mwanzoni. Baadaye viongozi wa dini wa Kikristo na Kiislamu nao walifunzwa, wakiwemo wa eneo lilelile ambako Februari 2010 umati uliivamia kliniki ya watafiti. Hakuna sababu ya kudhani kwamba wachungaji wa Butembo ni wagumu kuliko wa Mtwapa.

Fedha ni habari fupi na chungu. Huduma za VVU nchini Kongo hutegemea kwa sehemu kubwa Mfuko wa Dunia na mpango wa Marekani wa PEPFAR, na tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje; ruhusa iliyotolewa Februari ilirudisha dawa za kufubaza virusi, lakini PrEP, yaani dawa anazotumia asiye na VVU ili asiambukizwe, iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Wanaume wanaopenda wanaume waliondolewa kwa sentensi moja iliyoandikwa mbali nao. Lakini Kongo ina njia yake iliyobuniwa nyumbani: Desemba 2010, mjini Kinshasa, mtandao wa watu wanaoishi na VVU ukisaidiana na Madaktari Wasio na Mipaka ulianzisha vituo vya jamii vya kugawa dawa, vinavyojulikana kama PODI, ambako mgonjwa aliye imara huchukua dawa zake kwa wenzake wanaoishi na virusi hivyohivyo, bila foleni ya hospitali. Mahali pa namna hiyo hapaulizi mtu alivyoambukizwa, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kituo maalumu chenye kibao mlangoni, ambacho Butembo kingemtangaza kila anayekiingia.

Inabaki habari ya daftari. Wafadhili hudai hesabu ya HSH waliopimwa na waliopewa dawa, na vituo hulazimika kuiandika. Tangu mwisho wa Juni 2024, Kanyabayonga ilipotekwa na M23 na mapigano yakasogea kaskazini katika Lubero, kila kituo kwenye barabara itokayo huko kinajua kwamba siku moja wauguzi wake wanaweza kukimbia na kuyaacha makabati kwa watu wenye silaha. Mfumo wa namba za utambulisho, ambao humpa mgonjwa herufi na tarakimu badala ya jina, unajulikana na mipango yote ya VVU na hauhitaji kompyuta. Orodha inayounganisha namba na majina ikae mbali na daftari, kwa mtu mmoja aliyekula kiapo, naye aambiwe mapema, kabla ya mlio wa kwanza wa risasi, kwamba orodha hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ya kubebwa au kuchomwa.